Majina Niliyoyashona Chini ya Kiti

Ninyi wajukuu mnaojifunza kushona viti vya magari, acheni nianze na makalio, uzi utafuata. Kiti hakishonwi kwa ajili ya gari. Gari halichoki. Kinashonwa kwa ajili ya mtu, na mtu ana mifupa miwili huku nyuma yenye hasira za haraka. Ukipitisha mshono chini ya mfupa, hata uwe mshono mzuri wa kupigwa picha, huyo mtu atakulaani kila anapovuka tuta.

Najua kwa sababu nililaaniwa. Nilikuwa msichana Nakuru, nimeacha shule darasa la tatu, nikachukuliwa na Fundi Hirji, mzee mfupi wa Kihindi aliyekuwa na duka la viti nyuma ya stesheni. Kiti changu cha kwanza cha gari la mbio kilikuwa cha dereva kijana aitwaye Amirali. Nikapitisha mshono katikati kabisa ya kalio la kushoto. Amirali akaenda na kiti hicho mpaka Eldoret na kurudi. Aliporudi akasalimia watu akiwa amesimama, akanywa chai akiwa amesimama, na Fundi Hirji akaelewa. Hakunigombeza. Alikifungua kile kiti, akakiweka sakafuni dukani, akaniambia, "Binti, leo kazi zako zote utazifanya ukiwa umekaa hapa." Ilipofika saa kumi jioni nilikuwa nimejua mshono unapita wapi, na sijasahau mpaka leo.

Amirali huyo ndiye ninayetaka kuwaeleza, maana wengi wenu mmemsikia kwa upande mmoja tu. Lakini kwanza lazima mjue jambo la turubai.

Siku zile magari ya mbio yalipita barabara zilezile za watu, za udongo, na mbio zenyewe ziliwekwa wakati wa mvua. Gari linazama mpaka milangoni. Dereva anateremka, viatu vinabaki kwenye tope, anatazama huku na huku hana wa kumwita. Madereva wengine walirusha peremende ili watu waje kusukuma. Fundi Hirji aliona hilo ni tusi. Alisema mtu haitwi kwa peremende, mtu anaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo kila gari tuliloshonea viti alikata kipande cha turubai, tukashona juu yake majina ya watu wa njiani, kituo baada ya kituo: nani ana trekta, nani ana kamba ndefu, nani ana chai. Kipande hicho tulikiweka chini ya kiti cha yule mwenzake dereva anayesoma ramani, mahali ambapo akiinama tu anakisoma. Gari likizama, wanapaza sauti, "Barnaba, tumekuja." Na Barnaba anatoka na trekta lake, tena anakimbia, kwa sababu nani asingekimbia akisikia wageni wenye kofia za chuma wanamwita kwa jina mbele ya mke wake?

Hapo ndipo udogo wa shule yangu ulipogeuka kazi. Kalamu ilinishinda, lakini jina nikilisikia mara moja haliondoki. Nilipanda lori la vifaa na dereva wake, Elija, tukapita njia yote majuma machache kabla ya mbio, nikisalimia watu. Msoma ramani alikuwa na daftari la kona na madaraja. Mimi nilikuwa daftari la watu.

Fundi Hirji alikuwa na sharti moja. "Usishone jina la mtu usiyejua jana alilala wapi." Kama mtu amehama, au ameugua, au hatuna habari zake, turubai linapita bila yeye. Alisema dereva aliyezama akiita mtu asiyekuwepo, amezama mara mbili.

Basi. Miaka ikaenda, Fundi Hirji akafariki, mume wangu akafariki, na binti yangu Salome akanivuta Toronto alikokuwa akifanya kazi ya kutunza wazee. Nikakaa kwake Etobicoke, ghorofa ya kumi na moja, nikitazama magari ya watu kwa juu kama mtu anayetazama mchele kwenye ungo. Nilidhani kazi imekwisha. Siku moja kwenye arusi ya Wakenya, mzee mmoja mwenye mvi, suti nzuri, akaja mpaka mezani kwetu, akakigusa kiti nilichokalia, akauliza, "Mama Salome, mshono bado unapita kushoto?"

Alikuwa Amirali. Alikuwa na gereji Scarborough, upande wa pili wa jiji, nyuma ya maduka, pembeni ya mahali wanapouza mazulia, akitengeneza magari ya zamani. Jumatatu yake nilipanda treni na mabasi mawili nikaenda kuanza kazi. Njia hiyo niliipita miaka tisa.

Msidhani nilifika nikiwa bingwa. Fundi Hirji alinifundisha kuvuta reksini, ile ngozi ya plastiki, mpaka ukiipiga kwa kidole inalia kama ngoma. Kwa Nakuru hiyo ni sawa. Nikashona hivyo kiti cha mwalimu mmoja wa chuo, Bwana Gideoni, mtu mnene mpole. Gari lake likalala nje kwenye theluji. Asubuhi akaingia, akakaa, kiti kikapasuka kwa mlio mmoja mrefu. Maskini akadhani ni suruali yake. Alilileta gari gerejini akakataa kushuka mpaka Tito, fundi wetu wa injini na breki, alipompelekea koti la kujifunga kiunoni. Tito ni mtu wa Bukavu, hacheki ovyo, lakini siku hiyo alikwenda kucheka nyuma ya matairi.

Kwa hiyo shikeni hili: vitu vya plastiki hunywea kwenye baridi kama sisi. Kitambaa kiache ndani kwenye joto siku nzima kabla hujakikata, kisha ukivute kwa huruma, ukiache na nafasi ya kupumua. Na uzi upake nta ya nyuki. Uvute kati ya vidole. Ukilia kidogo, umekubali. Usipolia, rudia. Siku hizi najua viti vinakuja ndani ya boksi, vimefinyangwa kama bakuli, na mtu anaambiwa yeye ndiye ajifinyange afanane nacho. Sibishani. Lakini boksi likichelewa, mtu mwenye sindano ya kupinda atatafutwa.

Sasa nirudi kwa Amirali na mwaka ule.

Yeye na wenzake waliokuwa madereva zamani, wengine Toronto, wengine London, wengine wamebaki Nairobi, walipanga mbio kubwa nyumbani, za magari ya zamani tu. Walizipanga kwa miaka miwili. Magari yalikuwa yatoke Nairobi, yapande milimani, yapite njia za udongo za ujana wao, yamalizie Kisumu. Amirali alichaguliwa mwenyekiti. Alikuwa na gari lake mwenyewe, la rangi ya maziwa, alilolifungua mpaka skrubu ya mwisho na kulifunga tena, na mimi nilishona viti vyote viwili kwa mkono. Mkewe Nuru, aliyeshika simu na barua pale gerejini, alisema kama angepakwa girisi na yeye labda angetazamwa.

Kisha habari za nyumbani zikabadilika. Watu walikuwa wanadai vyama vingi, mijini maduka yakawa yanafungwa mchana, na huko juu milimani, kwenye vijiji ambavyo njia yetu ilipita, usiku mmoja jirani akachoma nyumba ya jirani, na mwingine, na mwingine. Nairobi wakapiga simu: mwenyekiti aseme, mbio zipo au hazipo? Kontena la kubeba gari lilikuwa liondoke Jumatano ya juma lililofuata.

Mimi nina mdogo wangu, Zakayo. Alikuwa na duka mahali paitwapo Njia Mbili, penye maduka machache na kanisa, na kwenye turubai zetu Njia Mbili ndipo palikuwa na majina mazuri kuliko kote: Kipsang, Wambui, Otieno. Alhamisi asubuhi simu ya gerejini ikalia, Nuru akaniita. Alikuwa Zakayo, anapiga kwa simu ya kanisa.

"Dada, duka halipo tena," alisema. "Tuko uwanja wa kanisa, mimi, mke na watoto."

"Na wengine?"

"Wambui yuko hapa na sisi. Otieno alipanda lori la mahindi, sijui limemshusha wapi. Kipsang hakuna aliyemwona tangu Jumapili. Dada, nasikia Bwana Amirali ana mbio. Zile mbio zije. Barabara imefungwa kwa magogo juu na chini, lakini magari ya wageni yakipita, serikali itaondoa magogo. Siku mbili tu zinanitosha kuwatoa watoto. Mwambie aje."

Nikamwambia nimesikia. Nuru aliniuliza kama nyumbani ni wazima, nikasema wazima, nikarudi kwenye sponji yangu.

Jumamosi asubuhi kamati ya Toronto ikakutana palepale gerejini, maana ndipo palipokuwa na gari, na hakuna mwanamume kati yao aliyeweza kuamua jambo bila kulitazama gari. Alikuja Bwana Fatehali kutoka Don Mills, dereva mwenzake Amirali wa zamani, mtu wa maneno na moyo mkubwa, aliyewahi kumaliza mbio akiwa na mkono uliovunjika. Nuru alimimina chai. Tito alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana.

Fatehali alianza. "Amir bhai, ndugu yangu, mbio hazina chama. Tulikimbia mwaka wa njaa, tulikimbia mwaka wa petroli ya mgawo. Wahuni wachache wakichoma nyumba tukasimama, basi kuanzia leo wao ndio watakuwa wanatupangia lini tukimbie."

"Si wahuni wachache, Fateh," Amirali akasema.

"Hata wawe wengi. Dunia ikija kutazama, mtu anaona haya kushika kiberiti. Wewe unajua hivyo."

Nuru akasema, "Na wale wa chai na wa pancha, wanaosubiri hizo siku kwa mwaka mzima? Hao hawali siasa."

"Mwambie, bhabhi, shemeji yangu. Mwambie mumeo."

Sauti ya Tito ikatoka chini ya gari. "Patroni, naweza kusema?"

"Sema, Tito."

"Kwetu nimeona mpira unachezwa, na upande wa pili wa mji watu wanakimbia na magodoro kichwani. Wale wa uwanjani hawakuwa watu wabaya. Hawakusikia tu, kwa sababu walikuwa wanashangilia."

Fatehali akainama kuitazama ile miguu. "Tito, ndugu yangu, wewe kazi yako hapa ni breki."

"Ndiyo hiyo ninayoifanya, mzee."

Nuru akacheka, hata Fatehali akacheka, na Amirali peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika usukani kupitia dirishani, kama mtu anayemshika ndugu mkono hospitali. Akasema, "Mimi siasa siijui. Mimi najua barabara. Mama Salome, tusomee watu."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Wenzake wangehesabu wafadhili, yeye akataka kujua Barnaba yuko wapi. Nikaweka mikasi chini, nikaanza kuwasoma kutoka kichwani mwangu. Mama Tabitha wa chai, kituo cha kwanza, yupo, Nuru aliongea na duka la jirani yake juma lile. Barnaba yupo, trekta ndilo limekufa. Yusufu wa daraja la mbao yupo, ameoa tena. Kila jina Amirali aliitikia kwa kichwa, Fatehali akatabasamu. Nikafika.

"Njia Mbili?" Amirali akauliza.

"Wapo," nikasema.

"Wote?"

"Wote. Kipsang wa kamba, Wambui wa chai, Otieno wa pancha. Na Zakayo."

Wajukuu, katika kazi yangu nimekata kitambaa vibaya, nimechoma reksini kwa pasi, nimemkalisha mtu juu ya mshono. Lakini sikuwahi kabla ya siku ile kumpa dereva jina la uongo. Na Amirali aliniamini vile mtu anavyoamini sakafu ya nyumba yake. Akaliachia lile gari, akasema, "Kama watu wapo, tunakwenda." Fatehali akambusu kichwani.

Nilirudi Etobicoke nimefurahi, niseme kweli. Niliwaona kichwani watoto wa Zakayo wakipita katikati ya magogo. Jumapili nikaimba kanisani kwa sauti kubwa.

Jumatatu nilianza turubai. Mabasi yalichelewa kwa theluji, nikafika nimeganda, nikaosha mikono kwa maji ya moto mpaka vidole vikaanza kusikia. Nikaandika kwa chaki, nikapaka uzi nta, nikamshona Mama Tabitha, nikamshona Barnaba, nikamshona Yusufu. Nikafika Kipsang. Sindano nikaiingiza, na haikutoka upande wa pili. Hakuna kilichoizuia. Turubai lilikuwa jepesi. Mimi ndiye niliyekuwa najiuliza jana Kipsang alilala wapi.

Kipsang nilimjua tangu hajaota ndevu. Mara moja, lori letu la vifaa liliposhindwa na kilima, alikuja na kamba na ng'ombe wanne, na alipomaliza kutuvuta akakataa soda, akaomba tu jina lake lishonwe kubwa kuliko la Otieno, kwa sababu walikuwa wanataniana. Nikalishona kubwa. Otieno alinuna mwaka mzima.

Nilikaa na ile sindano mpaka Tito akaniuliza kama ni macho. Nikasema si macho. Nikaenda kwa Amirali, alikuwa amepiga magoti akisafisha taa za mbele kwa kitambaa.

"Bwana Amirali, Njia Mbili hapana watu."

Hakugeuka mara moja. "Jumamosi walikuwepo."

"Jumamosi nilisema uongo. Zakayo na Wambui wako uwanja wa kanisa. Otieno amekimbia. Kipsang haonekani."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu Alhamisi."

Sasa akageuka, bado amepiga magoti, tukawa tunatazamana uso kwa uso maana mimi ni mfupi. "Kwa nini, Mama Salome?"

"Ningekuambia, usingekwenda. Usipokwenda, barabara haifunguliwi. Ikifunguliwa siku mbili, mdogo wangu anatoa watoto."

Nilingoja hasira, ningeipokea. Badala yake akaniuliza kwa upole kama mtu anayeuliza njia: "Pale kanisani nani anawalinda?"

"Askari. Zakayo anasema wako wanne."

"Na barabara ikifunguliwa kwa ajili yangu, nani atakayesimama kwenye magogo kuyalinda yasirudi?"

Wajukuu, mimi nimepita njia ile na lori miaka mingi, najua siku ya mbio askari wa kila kituo wanahamia barabarani. Nilikuwa nimewaona kwa macho yangu. Lakini nilikuwa nimehesabu watoto wa Zakayo tu, na uwanja ule ulikuwa na watoto wa kila mtu. Magari yangepita, wageni wangepiga picha, na wale wanne wangekuwa barabarani wakinyoosha mikono kutuonyesha kona, migongo yao kwa kanisa.

"Sikufikiri hivyo," nikasema.

"Najua. Mimi nina uwanja wote kichwani kwa sababu mimi sina ndugu pale. Ungekuwa wewe mwenyekiti na yule ndugu yangu, mimi pia ningesema wapo." Akainuka kwa kushika bampa, magoti yake yalilia. "Nuru, nipe simu."

Alimpigia Fatehali kwanza, kisha Nairobi, kisha London. Wote aliwaambia maneno yaleyale: mbio hazipo mwaka huu, mwenyekiti ameamua. Nilimsikia Fatehali kutoka pale nilipokuwa, na simu haikuwa sikioni kwangu. Alisema Amirali amekaa kwenye theluji mpaka damu imeganda. Alisema wangekimbia bila yeye, lakini Nairobi hawakutaka kukimbia bila mwenyekiti. Wengine walisema Muhindi amekimbilia Kanada akajifunza kuogopa. Amirali alijibu kila mmoja, "Sawa, bwana. Lakini hazipo."

Kisha akapiga simu moja zaidi, Nakuru, kwa Elija. Tulikuwa tumeshamwagiza awe na malori mawili ya vifaa na mafuta yake. Akamwambia, "Elija, vifaa shusha vyote. Nenda na malori matupu, mchana, ongozana na watu wa kanisa, usibishane na mtu kwenye magogo. Ukizuiwa geuka, kesho jaribu tena. Na ukifika pale, askari wasiondoke hata mmoja."

Elija alizuiwa siku mbili. Siku ya tatu padri mzee aliketi mbele pamoja naye, wakapita. Alifanya safari mbili. Kwenye ya kwanza wakapanda akina mama na watoto, wa Zakayo na wa watu wote, na Wambui akiwa ameshika birika. Zakayo mwenyewe alipanda ya pili.

Alinipigia kutoka Nakuru. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi, si kwa aliyoyasema. "Dada, yule Elija wenu anaendesha kama anayebeba mayai. Ningemshinda kwa baiskeli."

"Kulikuwa na watu nyuma, Zakayo."

"Najua kulikuwa na watu, mmoja alinikalia mguu kutoka huko mpaka huku." Akacheka, halafu akalia, halafu akasema, "Na mbio mmetunyima."

"Tumewanyima."

"Haya. Zitakuja."

Zilikuja, miaka ya baadaye, nchi ilipotulia, na lile gari la rangi ya maziwa lilifika Kisumu, la saba. Nani anajua, labda hata mwaka ule zingepita salama. Fatehali aliamini hivyo na sikumwona kuwa mjinga. Watu wenye akili walikuwa pande zote mbili. Otieno tulimpata Kisumu, anaziba pancha. Kipsang sina habari zake mpaka leo, na jina lake sijalishona tena.

Lakini mazungumzo ya watu yanapenda jambo fupi. Jambo fupi likawa kwamba Amirali aliogopa. Kwenye arusi, kwenye chai, madereva wa zamani walipokutana, lazima mmoja angesema, "Muulizeni mwenyekiti, kama hakuna mvua atakuja." Yeye alicheka na wao. Mara moja, tukiwa wawili gerejini, nikamwambia, "Bwana Amirali, niwaambie? Niwaambie kuwa mimi ndiye niliyekudanganya ukasema ndiyo, nami ndiye niliyekufanya useme hapana?" Alikuwa anatafuta spana. Akasema, "Mama, kamati ilinichagua mimi." Hakurudia. Kwa miaka yote iliyobaki hakumwambia Fatehali, hakumwambia Tito, na Nuru aliniapia baadaye kwamba hata yeye hakuambiwa.

Amirali alifariki mwishoni mwa miaka ile ya tisini, majira ya kuchipua majani. Tulikaa matanga nyumbani kwake Scarborough, nyumba imejaa, watu wa kila kabila na kila dini ya kwetu, viatu mlangoni vimefika mpaka barazani. Wanaume walikuwa wakisimulia magari. Fatehali, macho mekundu, akasema, "Hakukuwa na dereva kama yeye. Ila mwaka ule mmoja, Mungu amsamehe, aliogopa."

Mimi nilikuwa mlangoni na trei ya vikombe. Nikaiweka chini.

"Hakuogopa, Bwana Fatehali," nikasema. "Nilimpa majina ya uongo mbele yako, Jumamosi ile. Jumatatu nikamwambia ukweli, akakaa na aibu yangu mpaka amekufa nayo."

Nikawaeleza yote, kama nilivyowaeleza ninyi, Kipsang na askari wanne na Zakayo. Fatehali alikuwa mzee naye, na goti lake bovu, na sofa ile ilikuwa imejaa wanaume mpaka kwenye mikono yake. Akamsukuma kidogo mwenzake wa kulia, akasogea, akaniachia nafasi ya mtu mmoja.

"Njoo ukae, Mama Salome," akasema. "Anza tena tangu mwanzo."